Mchanga wa Njia ya Avis

Mara ya kwanza walipomleta mke wangu Avis nyumbani, hakufika mlangoni. Basi la kituo cha wazee lilimshusha getini pamoja na kiti chake cha magurudumu, dereva akaniachia mikono ya kiti na kuendelea kuwapeleka wengine. Nikaanza kumsukuma kuelekea mlango wa jikoni ulio ubavuni mwa nyumba, kwa sababu ule wa mbele una ngazi. Hatukufika hata kwenye tangi la maji. Magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani, kiti kikainama, naye akakamata pande zote mbili za kiti kwa nguvu.

"Nani huyo nyuma yangu?" akauliza.

Nikamwambia ni mimi, Vern. Akauliza tena. Nikapita mbele anione, akatulia. Nikarudi nyuma kusukuma, akaanza upya, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. Mwishowe nilikaa chini kando ya kiti, nikamshika mkono, tukangoja hivyo hadi basi liliporudi kumchukua. Kutoka pale tulipokaa aliweza kuliona pazia la jikoni alilolishona mwenyewe. Sijui kama alilitambua.

Msimamizi wa kituo hakunilaumu. Alinieleza kwa upole kwamba hawawezi kumleta tena mpaka kuwe na njia ngumu na tambarare kutoka getini hadi mlangoni, kiti kisizame. Kama ningeitengeneza, basi lao lingefika upande wetu wa mji Jumapili ya mwisho ya mwezi. Baada ya hapo lingefika tena wiki tano mbele. Nikamwambia nitaitengeneza. Kwa mtu mzima wa afya wiki tano si kitu, lakini mwezi wa Septemba Avis alikuwa bado anajua vikombe viko kabati lipi, na Oktoba aliniuliza kama sisi ni watu wenye vikombe. Nilitaka aingie nyumbani kwake kabla mambo hayajasogea zaidi. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Matofali nilikuwa nayo. Tuliyanunua zamani kutoka nyumba iliyobomolewa, tukayapanga kando ya uzio, na tangu hapo yalikuwa makao ya mijusi. Kilichokosekana ni mchanga.

Najua inachekesha. Mji wetu wa pwani, Geraldton, wote umekaa juu ya mchanga. Ukichimba shimo la kupanda mti unatoa mchanga, upepo ukivuma unaufagia sebuleni, na mwisho wa mtaa wetu kuna vilima vyake vinavyohama polepole kila mwaka. Lakini huo ni mchanga laini wa kijivu, kama unga. Ukiweka tofali juu yake leo, kesho limeinama. Mchanga wa kulalia matofali ni ule wa njano unaochimbwa ndani ya nchi kavu, ambao ukilowana kidogo unashikana. Huo lazima ununue.

Mimi sikusomea ujenzi. Nilifanya kazi kwenye mzani wa malori ya ngano bandarini mpaka nikastaafu, na mambo ya matofali nilijifunza kwa kuharibu. Njia ya kwanza niliyoijenga ilizama katikati kama godoro la zamani. Ya pili ilibakiza lundo la mchanga lililokaa uani kwetu miaka miwili. Kutokana na hizo mbili nilipata utaratibu wangu, na ndio nilioufuata siku nilipopanga njia hii, nimekaa kwenye meza ya jikoni na penseli.

Kwanza urefu: kutoka getini hadi mlangoni, mita kumi na nne. Kisha upana. Msimamizi aliniambia kiti kinataka mita moja, na hiyo inatosha kabisa, maana kiti chenyewe hakifiki sentimita sabini. Kisha kina cha mchanga, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hupima pale ardhi ilipo juu na kusahau pale ilipo chini. Mimi nilipima sehemu kadhaa, nikachukua wastani, ikawa sentimita kumi. Ukizidisha vyote hivyo unapata mita moja nukta nne. Huku tukisema mita ya mchanga tunamaanisha boksi lenye mita moja kila upande, na hakuna anayemuuliza mwenzake mita ya nini. Halafu unaongeza robo, kwa sababu mchanga unaoletwa na lori umejaa hewa, na ukiushindilia unanywea. Nikafika mita moja na robo tatu. Nikaagiza mbili, ile inayobaki iwe ya kujazia mianya kati ya matofali.

Kwenye yadi ya mchanga simu hupokelewa na Tegan, ambaye pia ndiye anayeendesha tingatinga la kupakia. Aliniuliza swali analomuuliza kila mtu, kama nimeongeza ya kushindilia. Nikamwambia nimeongeza. Akanikumbusha niufunike kabla ya saa sita, upepo wa kusini usije ukaugawia majirani. Nadhani hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyokuwa nayo wiki ile mpaka Jumamosi.

Nisieleweke vibaya. Watu wa mtaa wetu si wabaya. Ni kwamba kwa miaka yote Avis ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Yeye ndiye aliyejua mtoto wa nani ameoa na nani amefanyiwa upasuaji wa goti, na mimi niliyapata hayo yote mezani, yakiwa yamepoa. Alipoondoka kwenda kituoni, habari zilikoma. Watu walinipungia mkono wakipita na gari, nami nikawapungia. Jioni nilikula maharage ya kopo juu ya mkate, nikiwa nimesimama kwenye sinki, kwa sababu meza ilionekana kubwa.

Mchanga ulifika Jumatano asubuhi. Alhamisi nilipiga vigingi, nikafunga nyuzi mbili, mita moja kati yake, nikaanza kutoa udongo wa juu. Nilipofika karibu na tangi la maji, pale kiti kilipozama, niliacha kuchimba. Nikasimama kati ya nyuzi. Nikaufikiria ule mchana, jinsi alivyotulia kila aliponiona na kuogopa kila nilipopotea nyuma yake. Nikajiambia, mimi napaswa kuwa kando.

Basi niling'oa vigingi vya upande wa kushoto, nikavisogeza. Nikasimama pale ambapo ningekuwa, nikaacha nafasi pale ambapo kiti kingekuwa, nikaona mguu wangu bado uko nje ya uzi. Nikavisogeza tena. Kisha nikachimba kufuata uzi mpya, na sikurudi mezani kuchukua penseli. Mtu aliyepima ngano maisha yake yote hakurudi kuchukua penseli. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Mkono ulishajua unachotaka, na ulikuwa haujanishirikisha.

Ijumaa nilikodi mashine ya kushindilia, nikamwaga mchanga kuanzia mlangoni, nikaushindilia, nikausawazisha kwa ubao na pimamaji, nikatandika. Mtu akianzia mlangoni hakanyagi kazi yake mwenyewe, kwa sababu mchanga uko upande wa geti. Ni kazi ninayoipenda. Tofali linakaa, unaligonga mara mbili kwa nyundo ya mpira, linasikika limekaa. Nilizungumza na matofali kidogo. Jioni mashine niliirudisha dukani, kwa kuwa kazi iliyobaki ilionekana ndogo.

Jumamosi, muda mfupi baada ya saa sita, nilisukuma beleshi chini ya turubai nikakuta nyasi. Mchanga ulikuwa umekwisha. Mbele yangu, kati ya tofali la mwisho na geti, palibaki shimo la urefu wa mita mbili na nusu na zaidi.

Jambo la kwanza lililokuja kichwani si zuri. Nilidhani Tegan amenipunja. La pili nilidhani ni upepo. Lakini sipendi kumhukumu mtu kabla ya kupima, kwa hiyo nilipima. Urefu ulikuwa sawa, na kina kilikuwa sawa, sentimita kumi kama nilivyoandika. Nikalaza futi kwa upana. Mita moja na sentimita arobaini.

Nilikaa juu ya lundo la matofali nikaliangalia hilo. Tegan hakuwa na kosa. Mchanga wa njia ya mita moja nilikuwa nimeutandaza kwenye njia ya watu wanaotembea pamoja, na umefika ulipofika. Nilipungukiwa na toroli saba hivi. Yadi hufungwa saa sita Jumamosi, na hufunguliwa Jumatatu. Basi lingekuja kesho saa saba.

Nikapitia mbinu zilizobaki, moja moja. Mchanga wa pwani una chumvi, ungeyatia matofali madoa meupe, na tena kuuchota kumekatazwa. Ule wa kijivu wa uani ungebeba kiti kwa siku moja, pengine, au pengine ungekizamisha palepale getini, mahali pa kwanza kabisa atakapopita Avis. Ningeweza kuirudisha njia iwe mita moja, ning'oe matofali ya upande wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, nichote mchanga wa chini yake. Muda ulitosha. Nilisimama, nikaokota patasi, nikaiingiza kwenye mwanya wa kwanza. Kisha nikaitoa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa nyasi mbele ya nyumba ya Pina Tramonte, kulikuwa na lundo la mchanga wa njano chini ya turubai la buluu lililokandamizwa kwa matairi. Lilikuwa hapo tangu majira ya baridi. Pina ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anaishi peke yake, ana redio inayosikika hadi kwetu. Nilikuwa namwona kila siku. Sikuwa nimewahi kugonga mlango wake.

Nilinawa mikono, nikabadilisha shati, nikavuka.

Alifungua akiwa na unga viganjani. Akaniangalia usoni, kisha akalitazama shati safi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Nimepungukiwa na mchanga."

Pina alitazama juu ya bega langu. Alitazama ua wangu, kisha ua wa jirani, kisha mtaa wote hadi kwenye vile vilima mwisho wa barabara, taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Mchanga," akasema. "Geraldton."

"Wa njano."

"Ah, wa njano. Basi hapo una shida kweli." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Miaka yote hii, Vern, nilikuwa nasema siku utakayogonga mlango huu itakuwa ni moto au gharika. Ingia."

Nilimwambia siwezi kuingia, nina haraka, nikamweleza kuhusu basi na kiti na Jumapili. Sikutarajia kusema mengi, lakini yalitoka. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwa mujibu wa Avis halikuwa kawaida yake. Alinieleza kwamba mchanga ule ni wa tanuri la mkate ambalo kaka yake Sandro alimwahidi kumjengea. Sandro aliagiza mchanga, akachora duara kwa chaki, akaenda kazini migodini kaskazini, na duara lenyewe mvua ilishalifuta.

"Chukua unaotaka," akasema. "Ila nakuonya, paka wa mtaa mzima wanaujua mchanga huo kuliko mimi. Nitakuonyesha upande ulio salama."

Alileta toroli lake mwenyewe na beleshi lake mwenyewe, bila kuulizwa. Tulivuka barabara tukirudi na kwenda, yeye akisukuma kwa nguvu kuliko mimi. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza, kwa hiyo tulilowesha kila toroli kwa bomba kabla ya kuliondoa, mchanga usituruke machoni. Mashine sikuwa nayo tena. Tulishindilia kwa kipande cha nguzo nilichokipigilia mpini, na pale nguzo isipofika Pina alishindilia kwa viatu, akikanyaga hatua fupifupi huku amejishika kiuno. Aliniambia babu yake alikanyaga zabibu za divai hivyohivyo na alikunywa zaidi ya alichokanyaga.

Jioni ilipokaribia palibaki matofali machache. Pina alisimama mwanzoni mwa njia, getini, akaitazama yote hadi jikoni. Akanyoosha mikono miwili pembeni, akatembea hatua kadhaa hivyo, akarudi.

"Kiti kina upana gani?" akauliza.

"Hakifiki sentimita sabini."

"Basi hii ni barabara ya lori."

"Nilitaka nitembee kando yake," nikasema. "Akinikosa macho anaogopa. Nikiwa nyuma hajui ni nani."

Akaitikia kwa kichwa. Aliinama, akaweka tofali moja, akalibonyeza kwa kiganja. Halafu akainua uso.

"Na nani atasukuma?"

Nilikuwa nimeshika nyundo ya mpira. Nilitazama njia, nikatazama mahali pangu upande wa kushoto, nikatazama mahali pa kiti. Nilijaribu kujiona nikisukuma kwa mkono mmoja nikiwa kando, lakini kiti hakiendi hivyo. Kinageuka kwenda kwenye uzio. Dereva wa basi huondoka. Nilikuwa nimejenga njia ya watu watatu, na katika nyumba yetu, hata siku Avis akiwepo, tuko wawili.

"Hilo sikulipima," nikasema.

Pina hakucheka. Alichukua tofali lingine, akalitazama pande zote kana kwamba lina kasoro, akaliweka.

"Mimi asubuhi nina misa," akasema. "Basi linakuja saa ngapi?"

"Saa saba."

"Nitakuwa nimeshakula."

Tuligonga matofali yaliyobaki. Alipoondoka aliliacha toroli lake kwangu, limeegemezwa kwenye tangi la maji.

Jumapili basi lilichelewa kidogo. Pina alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya bustani. Dereva alimteremsha Avis kwa lifti ya basi, akaniuliza kama njia iko tayari, akaikanyaga mwenyewe kwa kisigino mara kadhaa, akaridhika. Pina alishika mikono ya kiti. Mimi nilisimama upande wa kushoto, nikaweka mkono juu ya mkono wa Avis uliokuwa kwenye egemeo.

Tukaanza. Magurudumu yalifanya mlio mdogo kila yalipovuka mwanya. Tulipolikaribia tangi la maji nilihisi vidole vyake vinakaza.

"Nani anasukuma?" akaniuliza. Hakugeuka, aliniuliza mimi.

"Pina. Wa ng'ambo ya barabara."

Alifikiri. "Yule mwenye redio?"

"Ndimi," Pina akasema kutoka nyuma. "Na bado ninayo."

"Ipunguze sauti," Avis akasema.

"Nitaipunguza, Avis."

Vidole vikalegea. Tukapita tangi. Tukafika mlangoni, nikaweka ubao mdogo kwenye kizingiti, tukaingia.

Ningependa kusema kwamba jikoni kulimrudishia kila kitu. Aliingia kama mgeni mwenye adabu. Alilisifu pazia. Alikunywa chai nusu kikombe, akala biskuti pembe kwa pembe kama anavyokula siku zote, akaviangalia vyombo vyetu bila kugusa chochote. Baadaye aliinama karibu nami akaniuliza kwa sauti ndogo mwenye nyumba yuko wapi, maana angependa kumshukuru kabla hajaondoka.

Nikamwambia hatakawia.

Alisema basi, hata hivyo, yeye angependa kwenda kwake sasa. Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara kwa upole zaidi, kama mtu asiyetaka kuudhi. Nilitazama saa. Basi lingerudi saa kumi. Nilikuwa nimengoja kwa muda mrefu aingie chumba kile, na sasa kilichobaki ni kungoja atoke. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu.

Pina alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba nje si kubaya, na viatu vyake vilihitaji matembezi.

Tukatoka. Upepo ulikuwa bado haujafika, matofali yalikuwa na joto. Tulienda polepole kuelekea getini, kiti kulia, mimi kushoto, na nusu ya njia Avis aliugeuza mkono wake chini ya wangu akanishika.

"Vern," akasema. "Njia hii uliitengeneza lini?"

Ulikuwa umepita muda mrefu tangu atamke jina langu bila kuambiwa.

"Wiki hii."

"Kwa jicho?"

"Nilipima."

Alitazama chini upande wake, kisha upande wangu, pale ambapo viatu vyangu vilikuwa vinatembea bila kutoka nje ya matofali. "Ni pana," akasema.

"Ndiyo. Ilinizidi."

"Afadhali," akasema.

Tulifika getini tukageuka. Na hapo, Pina alipokizungusha kiti, kwa muda mfupi tu mimi nilitoka machoni pa Avis, na sauti ile ilirudi, nani huyo, nani yuko hapo. Nikapita mbele. Nikarudi mahali pangu. Ilibidi tutembee karibu nusu ya njia kabla hajanishika tena mkono. Mlangoni tukageuka tena, na ikawa vilevile. Tulikwenda na kurudi hivyo mchana wote. Kwenye njia iliyonyooka alikuwa na mimi. Kila mwisho alinipoteza. Pina hakuchoka, au kama alichoka hakusema. Alisimulia juu ya Sandro na lile duara la chaki, na Avis alisema kwamba wanaume wa namna hiyo anawajua, mmoja alimwoa.

Basi lilipokuja aliingia bila shida. Aliniaga kwa kunipa mkono, kama mtu anavyomuaga mwenyeji wake.

Pina alirudi kwake. Alisema atakuja kulichukua toroli siku nyingine, hana haraka nalo. Nikabaki kwenye njia. Asubuhi nilikuwa nimemwaga mchanga mkavu uliobaki wa Pina juu ya matofali ili uingie kwenye mianya, na ulikuwa bado umetanda, ukionyesha mistari miwili ya magurudumu na pembeni alama za viatu vyangu, zikienda na kurudi zimelaliana. Kazi yenyewe inataka ufagie mchanga huo siku hiyohiyo. Niliweka ufagio ukutani. Upepo wa kusini ulifika baada ya muda, ukaanza kuzifuta upande wa geti, nami nilikaa kwenye kizingiti mpaka ulipofika miguuni kwangu.

Sikulala vizuri, lakini kulipokucha nilijua ninachotaka kupima. Nilichukua futi, nikazunguka nyumba: kutoka mlango wa jikoni, kupita chini ya dirisha la chumba cha kulala, kando ya uzio ambako matofali yalikuwa yamepangwa, hadi kuungana tena na njia karibu na geti. Mita thelathini na nane. Njia ikizunguka, hakuna mahali pa kukigeuza kiti. Mtu anaweza kwenda nayo kadiri anavyotaka na yule aliye kando yake akabaki kando. Matofali hayatatosha, hilo nililiona. Nitalifikiria. Kwanza mchanga.

Nilikaa mezani nikakokotoa mara mbili, safari hii kwa upana wa kweli. Niliongeza toroli saba za kumrudishia Pina. Kisha nikapiga simu yadi.

Tegan alinitambua kwa sauti. Aliniuliza kama ule wa kwanza ulitosha. Nikamwambia ulitosha kwa vipimo nilivyompa, kosa lilikuwa langu.

"Sasa unataka kiasi gani?"

"Mita saba na kidogo."

Nilisikia tingatinga likinguruma mahali fulani nyuma yake, labda ameshuka bila kulizima.

"Mita saba, mzee? Unajenga nini huko?"

"Ni njia ileile. Inaendelea."

"Umeongeza ya kushindilia?"

"Nimeongeza."

Akauliza nauhitaji lini. Nikamwambia basi litakuja tena baada ya wiki tano, na nafanya kazi peke yangu, na kuna siku ambazo mgongo haunisikii, kwa hiyo kesho ingefaa. Kuhusu wiki tano zenyewe, na nani atakayekuja ndani ya basi lile, kama atanijua nikiwa kando au kama hata kando hapatasaidia tena, hayo sikumwambia. Hayakuwa ya kuuliza yadi ya mchanga.

Akaniambia ataleta mapema, nikumbuke kuufunika kabla ya saa sita. Nikakata simu, nikaenda kutafuta turubai kubwa zaidi. Sikuwa nalo. Nilisimama kidogo kwenye kizingiti, kisha nikashika toroli la Pina, nikalisukuma kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako redio ilikuwa inasikika, kwa sauti ya chini kuliko ilivyozoeleka.